Mpira Upi

Wodi ile ya wanaume ilikuwa na vitanda ishirini na vinne, na muuguzi aliyeiongoza alikuwa na maneno machache kuliko vitanda. Si kwamba alikuwa mkimya. Mdomo alikuwa nao, na aliyemchokoza aliujua. Ila alikuwa na ugomvi wa miaka mingi na maneno marefu, aliyaona yanamchelewesha tu. Dripu ya kitanda cha tisa ikiisha, kwake ilikuwa "Tisa kavu." Mgonjwa aliyelowesha shuka alikuwa "mvua." Aliyeruhusiwa kwenda nyumbani alikuwa "viatu," na ungemsikia akipita katikati ya vitanda, "Kumi na moja viatu, haya, jamaa zake wako wapi?" Wauguzi walimwita Mama Mkato, mwanzoni kwa siri, halafu mbele ya macho yake, na mwishowe hata simu ya wodi akawa anaipokea kwa jina hilo.

Mambo yalikwenda, tuseme ukweli. Wodi nyingine zilikuwa zikikabidhiana zamu saa nzima, yeye dakika kumi na tano zilimtosha na chai akanywa. Daktari mmoja alipenda kusema kwamba angepewa wauguzi watatu kama yeye, hospitali nzima ingefungwa saa tisa watu wakalale. Alisifiwa hivyo kwa miaka, na sifa zinamharibu mtu taratibu, bila yeye kuhisi.

Neno lililotumika kuliko yote katika wodi hiyo lilikuwa "mpira." Wagonjwa wengi pale walikuwa wamepata kiharusi na hawakuweza kumeza, kwa hiyo kila mmoja alipitishiwa mpira mwembamba puani hadi tumboni. Humo ndimo walimopitishiwa maziwa, maji, na vidonge vilivyosagwa vikakorogwa. Huo ndio ulikuwa mpira, basi, bila kuongeza chochote. Mrija wa dripu ulioingia mkononi uliitwa "mshipa." Ule wa mkojo uliitwa "mfereji," na hata wagonjwa walicheka. Kwa hiyo kila mtu alijua mpira ni upi. Kila mtu wa wodi ile, yaani. Ghorofa ya chini, kwenye wodi ya upasuaji, mpira ulikuwa ni ule wa dripu, na hapakuwa na mtu aliyewahi kupanda ngazi kuja kuuliza.

Aliyepanda alikuwa Kidoti, na hakuja kuuliza, alihamishwa kutoka huko chini siku moja tu kabla ya mkasa huu. Alikuwa muuguzi wa mwaka wa pili kazini, na jina hilo alilipata kwa doa jeusi lililokuwa juu kidogo ya mdomo wake. Kwa Mama Mkato alikuwa zaidi ya muuguzi mgeni. Alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, aliyemchukua akiwa na miaka sita, akamlea, akamsomesha, akamvalisha sare ya kwanza kwa mikono yake. Nyumbani alimwita Mama mdogo. Wodini alimwita Sista, tena kwa adabu kuliko wote, asije mtu akasema anabebwa.

"Humu ndani hatuhubiri," Mama Mkato alimwambia siku ya kwanza. "Nikisema neno moja, ufanye kazi tatu."

"Sawa, Sista," Kidoti akajibu, na akatabasamu, kwa kuwa nyumbani mambo yalikuwa hivyohivyo. Alikua katika nyumba ambayo "Kufuli!" ilimaanisha funga mlango, zima jiko, usisahau funguo. Hakuna duniani aliyejivunia kumwelewa mwanamke yule kama yeye.

Kwenye kitanda cha saba alikuwapo mzee mmoja, fundi saa. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia pamoja na sauti, lakini macho yake yalibaki makali. Saa ya ukutani ya wodi ilikuwa nyuma kwa dakika sita, na mzee yule jambo hilo lilimkera kuliko ugonjwa. Kila Mama Mkato alipopita, alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto kuelekea ukutani, akatikisa kichwa, halafu akaonyesha vidole vitano na kimoja.

"Ukipona utaipanda ngazi uitengeneze mwenyewe, Fundi," Mama Mkato alimwambia. "Mimi nina wagonjwa, sina saa."

Mzee alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki kazini. Alikuwa anaanza kupata nafuu. Jumanne aliweza kuukunja mkono wa kulia kidogo, na mkewe aliyekuwa akikaa kwenye kiti pembeni mwa kitanda alilia hadi kitambaa kikalowa.

Mke huyo alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, msafi, aliyefika mapema kila asubuhi na kukunja shuka la mumewe kama anakunja barua. Mama Mkato mwenyewe ndiye aliyemfundisha kumpa maziwa kwa mpira: mwinue kichwa, hakikisha mpira haujatoka, mimina polepole, usukutue kwa maji. Alijifunza vizuri. Alikuwa na macho kama ya mumewe, macho ya watu waliozoea vitu vidogo, na aliona kila kilichoingia na kutoka katika mwili ule. Jumanne hiyohiyo, Mama Mkato alipofika na dawa, mama yule aliuliza kwa upole, "Sista, hiyo si ndiyo aliyopewa asubuhi?"

Haikuwa ile, ilikuwa nyingine. Lakini swali lilikuwa zuri, la mtu aliye macho. Mama Mkato alikuwa na haraka, na ulimi wake ulikuwa na mazoea.

"Mama, kama unautaka unesi, chuo kiko wazi. Fomu zipo mapokezi."

Wodi nzima ikacheka. Mama naye akacheka, akiziba mdomo kwa kiganja, akasema, "Samahani, Sista, nimezidisha." Toka hapo hakuuliza tena.

Sasa kuna jambo la sirinji. Dawa ya kupitishwa puani ilipaswa kuvutwa kwa sirinji ya mdomo mpana, na uzuri wa sirinji hiyo ni kwamba hata ukiwa umechanganyikiwa, haiingii kwenye mshipa. Mdomo wake ni mkubwa, unagoma. Sirinji hizo ziliisha Jumatatu. Mama Mkato alipiga simu stoo mara moja, akaambiwa "kesho," akasema "sawa," akaweka simu. Tangu hapo wodi ikawa inavuta dawa za puani kwa sirinji za kawaida, zile za kuchomea sindano, ambazo zinaingia popote. Hakubandika hata kipande cha plasta chenye maandishi. Kwa nini abandike? Kila mtu alijua.

Alhamisi, saa sita mchana, alisimama kwenye toroli la dawa akasaga vidonge vya presha vya Fundi katika kinu kidogo cha kauri. Akavikoroga kwa maji, akavivuta. Maji yakawa meupe ndani ya sirinji. Akailaza kwenye sinia yenye namba saba, akaishika sinia. Hatua nane tu zilimtenganisha na kitanda.

Ndipo kishindo kikasikika dirishani. Mgonjwa wa kitanda cha tatu alikuwa amejaribu kushuka mwenyewe, ameanguka, na kanula, sindano ya dripu, imemtoka mkononi, damu imetapakaa sakafuni. Mama Mkato aliirudisha sinia juu ya toroli, akavuta glavu, akaanza kukimbia. Kidoti alikuwa anatoka chumba cha kunawia.

"Saba tayari, ipo kwenye sinia," Mama Mkato akamrushia akipita. "Mpira!"

Kidoti aliinua sinia. Na hapa inabidi isemwe polepole, kwa sababu baadaye ilisemwa vingine. Hakuondoka nayo. Alisimama, akaitazama sirinji, akapaza sauti kumfuata mama yake mdogo.

"Kwenye mpira, Sista?"

"Kwenye mpira, ndiyo! Nenda!"

Aliuliza, akajibiwa. Wote wawili walilitaja neno lilelile, na kila mmoja aliona mrija wake.

Saa sita hiyohiyo Fundi alikuwa na dawa nyingine kwenye chati, unga wa kwenye kichupa unaochanganywa na maji na kuingizwa mshipani. Kidoti alipoona maji meupe alidhani ndiyo hiyo, haijayeyuka vizuri. Akaitikisa. Aliitikisa vizuri, kama alivyofundishwa chuoni, akamwambia Fundi, "Dawa yako, babu," akaifunga kwenye mrija wa mkononi. Ilikuwa nzito kidogo kusukuma. Akaisukuma polepole ili asimuumize.

Mama Mkato alikuwa bado amepiga magoti kwenye damu ya mtu mwingine alipoisikia sauti ya Kidoti. Hakuita Sista. Aliita, "Mama mdogo!"

Alipofika, mzee alikuwa anavuta hewa isiyoingia. Midomo imebadilika rangi, kidole cha kushoto kinaparura shuka. Mama Mkato aliiona sirinji, aliona ukungu mweupe umebaki kwenye mrija wa mkononi. Mikono ya watu wa kazi ile ina akili zake. Alifunga dripu, akafungulia oksijeni, akamwita daktari na kumwambia bila kuficha kitu, "Dawa ya tumboni imeingia mshipani. Yote." Daktari alianza kazi. Walipishana juu ya kifua cha mzee yule zaidi ya nusu saa, wakimsukuma, wakimwita, na mkewe amesimama ukutani na kikombe cha maziwa mkononi, hakuna aliyekumbuka kumtoa.

Daktari alipoinua kichwa kutafuta saa ya kifo ya kuandika, aliitazama ile ya ukutani. "Saa sita na dakika hamsini."

"Hamsini na sita," mama akasema kutoka ukutani, kwa sauti ndogo. "Hiyo iko nyuma. Alikuwa anawaambia kila siku."

Daktari akaandika hamsini na sita.

Jioni, nyumbani, Mama Mkato na Kidoti walikaa mezani na chakula kikapoa. Daktari alikuwa ameiambia familia kwamba hali ilibadilika ghafla na kwamba hospitali inachunguza. Matroni, mkuu wa wauguzi wote, aliwaomba wote wawili maelezo ya maandishi na akaitisha kikao kesho yake saa nane. Kidoti alikuwa ameshaandika yake. Alitoa nakala kwenye mkoba akaisogeza mezani bila kunyanyua macho.

Ilikuwa mistari mitano. Mstari wa nne ulisema: *Sikuuliza njia ya kutoa dawa.*

"Uliuliza," Mama Mkato akasema.

"Niliuliza vibaya, Mama mdogo. Ni sawasawa na kutouliza."

"Kidoti."

"Wewe umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Miaka thelathini na nne bila doa. Mimi bado kijana, nikisimamishwa nitatafuta kitu kingine." Sauti ikamkatika. "Na mkono uliosukuma ni wangu. Huo huwezi kuubadilisha kwa kuandika."

Hapo ndipo ilipomlazimu mtu mzima kusema kitu. Hata mimi ninayesimulia ningempa neno la kusema kama ningekuwapo: la, mwanangu, chana karatasi hiyo. Mama Mkato alikuwa nalo, lilimfika kooni. Akaliangalia jina lake likiwa safi kwa miaka thelathini na nne, akaangalia karatasi, akainuka akaosha vyombo. Ukimya ule ulikuwa mkato mrefu kuliko yote aliyowahi kukata, na Kidoti, aliyemwelewa kuliko watu wote, aliuelewa. Akaikunja karatasi akairudisha mkobani.

Asubuhi Kidoti alibaki nyumbani. Alikuwa ameambiwa asiguse mgonjwa hadi kikao. Mama Mkato alikwenda kazini. Kitanda cha saba kilikuwa kimetandikwa shuka jipya. Alifanya kazi akiwa amefunga mdomo, na wauguzi wakadhani ni huzuni, wakamwachia nafasi. Ilikuwa huzuni, lakini ilikuwa na hofu pia. Kila alipofika kwenye mgonjwa mwenye mpira puani aliufuata mrija kwa kidole hadi puani kabla ya kumimina chochote, na aliposema "mpira" mara moja kwa bahati mbaya, neno likamkwama kama mfupa.

Saa tano, mke wa Fundi akaja kuchukua vitu vya mumewe. Miwani, kandambili, kikombe cha maziwa, redio ndogo, na darubini ya jichoni ya kutazamia saa, aliyomletea ili awe anaishika tu. Mama Mkato alimpeleka kwenye chumba kidogo cha ofisi, akamtolea kiti, akampa mfuko. Alitamani amalize aondoke. Mama hakuondoka. Alivipanga vitu vile mezani kimoja kimoja, akavitazama.

"Sista, nina jambo linanila," akasema. "Watoto wangu sijawaambia. Nimeona nije kwako, wewe ndiye uliyenifundisha."

"Sema, mama."

"Mimi niliona." Alikishika kikombe cha maziwa kwa mikono miwili, kikiwa kitupu. "Ile dawa nyeupe naijua. Ukiisaga nakisikia kinu kinalia, najua sasa inakuja ya puani. Nikamwona yule binti anaipeleka mkononi. Nikajiambia, hiyo si ya huko. Nikainuka kabisa, Sista, nikafungua mdomo." Akakigeuza kikombe mkononi. "Halafu nikakumbuka. Mimi si nesi. Nisije nikazidisha tena, watu wakacheka. Nikakaa. Mume wangu amekufa nimekaa, na nilikuwa nimejua."

Mama Mkato hakumwangalia. Alisikia kicheko cha Jumanne kikirudi, cha wodi nzima, na chake ndani yake. Maskini, alidhani hesabu yake ni ya neno moja. Kumbe alikuwa ameziba mdomo wa mwisho uliobaki kumwokoa yule mzee, na akauziba kwa mzaha.

"Kwa hiyo nataka kukuuliza," mama akaendelea, "maana watu wanasema ajali, wanasema hali ilibadilika. Ningesema, angekuwa hai?"

Jibu la mkato lilikuwapo. Lilikuwapo tayari, lile ambalo wauguzi wanawapa wafiwa kila siku: usijilaumu, mama. Maneno mawili. Angeyasema, mama yule angebeba mfuko wake, angerudi nyumbani, na angeibeba siku ile ya Alhamisi hadi kaburini akidhani ni yake. Saa nane Kidoti naye angepewa sehemu yake. Na mwenye mali asingebaki na kitu.

"Ungesema, angekuwa hai," Mama Mkato akasema.

Mama akainamisha kichwa, kama mtu aliyekuja kuchukua kitu na amekipata.

"Ila wewe ulikuwa umeshasema, Jumanne. Ni mimi niliyekunyamazisha. Na yule binti aliuliza. Ni mimi niliyemjibu. Si kosa lako, wala si lake, ni langu, mama, nime..."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitafuta maneno zaidi akayakosa. Akafuta uso kwa mkono wa sare. "Nilimwambia mpira. Basi. Ndiyo yote."

Mke wa Fundi alimtazama kwa macho yale ya vitu vidogo. Hayakuwa na huruma, na hayakuwa na hasira bado; hasira ingekuja, ilikuwa njiani. Akasogeza kiti mbele, akaweka kikombe chini.

"Hapana," akasema. "Wewe wanakuita Mama Mkato, nimewasikia. Mimi usinikatie. Nimekaa naye miaka arobaini na moja. Niambie yote, neno kwa neno, nikawaambie watoto wake."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Matroni, na faili la kikao kifuani, maelezo ya Kidoti yakiwa juu. Alipomwona mfiwa alitaka kurudi nyuma.

"Ingia, Matroni," Mama Mkato akasema. "Hayo uliyoyashika si kweli. Kaa usikie."

Matroni akakaa. Mama Mkato akamgeukia mke wa Fundi, akaweka mikono magotini, akaanza mbali, mahali ambapo hapo awali asingefikiria kuanzia.

"Siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi, sirinji za mdomo mpana ziliisha kwenye wodi yangu. Sirinji ya mdomo mpana ni ile ya kupitishia dawa kwenye mpira wa puani, mpira unaotoka puani kwenda tumboni, na si mrija wa mkononi unaokwenda kwenye mshipa wa damu. Nilipiga simu stoo mara moja tu..."